Kokiye ya Bruno

16 Septemba 2025

Hakuumi.

Joëlle, muuguzi aliyenitunza mwezi wa saba, ndiye aliyenituma niandike. Kila siku, anasema, niweke kama kunauma au hakuumi. Lakini mtu mzima kukaa na kalamu aandike neno moja tu ni mzaha, kwa hiyo nitaandika na mengine, na yeye akitaka kusoma atasoma mstari wa kwanza.

Mambo yalivyokuwa ni hivi. Mimi ni fundi wa pikipiki, na mara tatu kwa juma ninacheza jujitsu kwa mwalimu wetu, Maître Ephraïm, hapa mtaani Mikelenge. Mwezi wa saba tulikuwa chini, mimi nimelala chali, mwenzangu Aimé anatafuta njia ya kupita katikati ya miguu yangu, na goti lake likaingia pale ambapo goti la mtu halina ruhusa ya kuingia. Aimé aliapa kuwa ni ajali. Labda. Hospitalini walitoa korodani moja. Joëlle akaniambia wazi: "Moja inatosha kuzala, Gédéon. Lakini hiyo moja haina mukubwa wala mudogo. Ikipigwa tena, usinikujie na machozi."

Mimi na Mamy tuna mwaka wa nne wa ndoa na hatujapata mtoto. Ninataka mtoto, na ninataka jujitsu, na sasa kimoja kinatishia kingine.

Maître amenirudisha kwa sharti kwamba nivae kokiye, kile kikombe kigumu cha plastiki ambacho mwanaume anakivaa ndani ya suruali kukinga uzazi wake. Zamani tulikuwa tunaagiza Bukavu. Tangu vita ifunge njia hiyo, hata bolti ya pikipiki ni bahati, sembuse kokiye. Leo Bruno, mgeni wa ukumbini kwetu aliyekimbia kutoka huko, ametoa moja katika begi lake akanipa.

"Kamata. Iko yako."

"Ilikuwa ya nani?"

"Iko yako sasa. Hapana kuuliza mingi."

Hakutaka kitu chochote. Nimeipokea, lakini ninajiuliza, nani anampa mtu asiyemjua kitu cha kuvaa hapo, bure?

18 Septemba

Hakuumi. Nimeichunguza kokiye mchana kweupe, ndani na nje. Ina mkwaruzo ubavuni na herufi mbili zilizochorwa kwa msumari: D.B. Jina la Bruno halianzi na D. Nimeiosha kwa sabuni, nikairudia tena.

20 Septemba

Hakuumi. Mazoezi ya kwanza tangu hospitali.

Ukumbi wetu ni ghala la zamani. Tatami yetu, mkeka wa kuangukia, ni magunia yaliyojazwa maganda ya mpunga, juu tumetandika shitingi la plastiki. Mvua ikivuja, maganda yanaloa na ukumbi unanuka kama pombe iliyoharibika. Kabla hatujaingia, Maître anapita mbele yetu na kijiti cha mwanzi, anagonga kila mmoja hapo chini: ko, ko, ko. Asiyetoa mlio anakaa kwenye benchi. Anasema wakati wa vita ile ya kwanza, mji ulipofungwa na treni zikakoma, wao walikuwa wanajifunga vitambaa tu, na wapo wazee wa mji huu ambao hawakuzaa mpaka leo. "Miye sitazika uzazi wa muntu tena hapa," anasema.

Mimi sasa wananiita Kobe. Aimé ndiye aliyeanza. Halafu nilipomkunja mkono akalia kwamba kokiye yangu inamvunja kiwiko, kwamba nimeifanya rungu. Ni kweli, ukiuvuta mkono wa mtu ukapita juu ya kikombe, unauma zaidi. Nilimwambia angefikiria hayo mwezi wa saba.

Bruno hakucheka hata mara moja. Mtu ambaye hacheki watu wote wakicheka, kichwani mwake kuna kazi nyingine.

23 Septemba

Mvua. Hakuumi.

27 Septemba

Hakuumi. Baada ya mazoezi Bruno amenifuata hadi garage. Anauliza njia ya Kampene: pikipiki inapita mvua hii? Daraja gani limekatika? Askari wako wapi na wanauliza nini? Nikamuuliza yeye anataka njia za nini. Akasema, "Kujua tu."

Kujua tu! Analala ng'ambo ya mto, Alunguli, kwa watu wasiojua hata jina la baba yake. Anavuka na pirogue, mtumbwi wa kukodi, kuja mazoezi, anavuka kurudi. Katika mji huu hakuna hata mmoja anayeweza kusema huko Bukavu alikuwa nani. Na mimi ninavaa kokiye yake.

4 Oktoba

Hakuumi, ila leo ninaumwa kichwa. Mama mkwe amefika kutoka Kampene, Mama Clémentine mwenyewe, na kuku wawili na gunia la mchele. Kule wachimbaji wanapigana na yeye hataki kulala na milio ya risasi. Atakaa mpaka hali itulie, maana yake ni kwamba atakaa.

Ninamheshimu. Kwetu mkwe na mkwe hawaangaliani usoni, hawali sahani moja, hawasemeshani. Nikiwa sebuleni yeye yuko jikoni, akiingia mimi natoka. Akitaka kuniambia kitu anapitia kwa Mamy, hata kama mimi nimesimama pale pale.

"Mamy, ambia bwana yako, mvua inaingia ku jikoni."

"Mamy, mwambie mama nitapanda juu kesho."

Mamy katikati kama simu. Na nguo ya ndani ya mkwe ndiyo mwiko mkubwa kuliko yote. Akiiona, ni aibu ya ukoo mzima. Akiigusa, ni kulipa mbuzi. Kwa hiyo kokiye nimeihamishia chumbani kwetu, nyuma ya gunia la mchele, imefungwa katika kitambaa.

7 Oktoba

Hakuumi. Mama mkwe anaswali... hapana, anasali, amepata chumba cha maombi nyuma ya nyumba ya Adèle, jirani yetu anayekaanga mikate. Anakwenda asubuhi, anakwenda jioni. Anamwombea Mamy tumbo. Sikatai.

11 Oktoba

Mvua kubwa mchana, nikiwa garage. Paa la chumba chetu limevuja. Nimekuta vitu vyote vimesogezwa upande mkavu, gunia pia. Nikamshukuru Mamy, naye akainamia ndoo. Kokiye iko ndani ya kitambaa, lakini fundo si langu. Mimi ninafunga fundo la fundi.

Hakuumi.

14 Oktoba

Hakuumi. Leo nilipovaa kokiye nimesikia harufu. Si jasho wala sabuni. Ni mafuta, mafuta mazuri yenye manukato, na ndani yake panateleza. Nimeuliza ukumbini nani amegusa begi langu wakati najimwagia maji. Aimé akasema, "Kobe amepakwa mafuta, watamukaanga," wakacheka. Bruno aliniangalia tu.

Mtu anapaka kitu mafuta akitaka kukipa nguvu au kukiharibu. Mimi nina moja iliyobaki, na mtu ameipaka mafuta nyumba ya hiyo moja.

16 Oktoba

Hakuumi. Nimeiosha kwa petroli. Sasa kunawasha.

18 Oktoba

Mazoezi. Nimemwomba Maître nisipangwe na Bruno. Akauliza, "Juu ya nini?" Nikajifanya ninafunga mkanda. Akanipanga naye. Bruno anacheza kwa utaratibu mno, kila goti lake linasimama kabla halijafika. Mtu anayeweza kusimamisha goti hivyo anaweza pia kuliachia siku akitaka. Sikuondoa macho kwenye magoti yake mpaka mwisho, na kwa ajili hiyo amenikaba shingo mara tatu.

21 Oktoba

Hakuumi. Mvua. Mamy hali vizuri, hasemi vizuri. Nikimwuliza anasema ni joto. Joto gani na mvua hii?

24 Oktoba

Ijumaa. Kule chumba cha maombi wamewasha moto wa kuchoma dawa za kienyeji na hirizi ambazo waumini wametoa majumbani. Moshi wa plastiki umefika mpaka garage, wateja wanakohoa. Mama mkwe amerudi akiimba. Kupitia kwa Mamy ameniambia Mungu ni mkubwa. Kupitia kwa Mamy nimejibu amina.

25 Oktoba

Kokiye haipo.

Nimepindua chumba chote. Kitambaa kipo, kimekunjwa vizuri nyuma ya gunia. Mamy anasema hajui, na macho yake yako mlangoni. Nimekwenda ukumbini bila kitu. Kijiti cha Maître kimepiga kitambaa, hakikulia, nikakaa benchi kama mtoto aliyefukuzwa shuleni. Nilikuwa namwangalia Bruno. Alipovua kimono nikaona anayo yake, nyeupe kama ile.

Amejuta kunipa, ndiyo fikira yangu. Ameichukua. Lakini ameingiaje kwangu?

30 Oktoba

Hakuumi. Benchi.

1 Novemba

Benchi. Nimemwuliza Bruno uso kwa uso. "Ile kitu ulinipa, umeirudisha kwako?"

Alishangaa, au aliigiza. "Imepotea?" akasema. Halafu kwa sauti ndogo: "Ile haipaswe kupotea."

Unaona? Haipaswi. Ilikuwa na kazi yake basi.

6 Novemba

Nimechoka na benchi. Nimekata bidoni, dumu la njano la mafuta, nimeipasha moto na kuikunja juu ya kichwa cha nyundo mpaka ikashika umbo, nikatoboa matundu ya kamba. Ukumbi mzima ulilala chini kwa kicheko. Maître amegonga, imelia pwa. Akatikisa kichwa, lakini ameniruhusu. Inakata paja. Hapo penyewe hakuumi.

11 Novemba

Hakuumi. Adèle ameniita nilipopita kwenye mikate yake. "Gédéon, ule mugeni wa Bukavu anatafutaka nini kwako?"

"Mgeni gani?"

"Ule murefu, wa jujitsu. Jana alisimama na bibi yako Mamy ku mlango. Walisema wee, bibi yako analia. Miye sina neno. Nimeona tu."

Sikumwuliza Mamy. Mtu ukimwuliza unampa nafasi ya kupanga maneno. Nimekula, nimelala, nimemgeuzia mgongo.

13 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Sikwenda mazoezi. Nimefungua na kufunga kabureta ile ile mchana kutwa. Miaka minne nalaumu mwili wangu, nalaumu goti la Aimé, na kumbe huenda mke wangu ana sababu nyingine ya kukosa furaha kwangu. Sasa hata njia za Kampene naona Bruno ana sababu ya kuziuliza, maana ndiko kwao Mamy. Anataka kumpitisha wapi?

Hakuumi pale. Panauma kwingine, na Joëlle hakuniambia niandike huko.

15 Novemba

Nitaandika yote kama yalivyokwenda.

Leo Jumamosi mazoezi ni saa nane mchana. Asubuhi nilikuwa garage. Saa sita Adèle amemtuma mteja wake aniambie kwamba yule mrefu amekuja tena kwangu, amempa Mamy kitu kilichofungwa katika gazeti, ameondoka. Sikurudi nyumbani kuangalia. Ningerudi, nisingekuwa ninaandika haya. Nilichukua begi nikaenda moja kwa moja ukumbini, na bidoni yangu, na hasira yangu.

Maître alipita na kijiti. Mimi: pwa. Aimé: ko. Alipofika kwa Bruno, kijiti kililia sauti nyingine, ya kitu kikavu, kitupu. Nilikuwa karibu, nilisikia vizuri. Maître naye alisita, Bruno akatazama mbele, Maître akapita. Mimi nikajiambia, hata kokiye yake si ya kawaida, ameweka dawa ndani. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo leo.

Nikaomba mwenyewe kupangwa naye. Maître alifurahi, akafikiri tumepatana.

Bruno alilala chali, miguu yake imenikumbatia kiunoni. Ile ndiyo garde, na kazi ya aliye juu ni kuipasua apite. Njia moja ni kupitisha goti katikati, taratibu, likiwa limegusa paja. Kila mtu anaijua, na kila mtu anajua kwamba likiinuka kidogo tu halipiti tena, linapiga. Aliniambia chinichini, "Kaka, leo polepole." Nilidhani ananicheka. Kichwani mwangu nikamwona Mamy mlangoni analia, nikaona gazeti, na nikaliinua goti na kuliachia kwa uzito wangu wote.

Nilisikia kitu kikivunjika. Plastiki haivunjiki hivyo. Bruno hakupiga kelele. Alifungua mdomo na hewa haikutoka. Halafu suruali nyeupe ikaanza kuwa nyekundu, na Maître akanisukuma nikaanguka juu ya magunia.

Walipomfungua, ndani kulikuwa na nusu ya kibuyu, kile cha kutekea maji, kimefungwa kwa kitambaa. Vipande vilikuwa vimemwingia.

"Kokiye yako iko wapi?" Maître alikuwa analia. "Bruno, kokiye yako iko wapi?"

Bruno alinitazama mimi, na sikuona chuki, niliona anashangaa. Aimé, yule Aimé ninayemshuku tangu mwezi wa saba, alimbeba mgongoni mpaka kwenye pikipiki na kumkimbiza hospitali. Mimi hakuna aliyenisemesha. Maître aliiokota bidoni yangu niliyoivua, akaiweka chini, akaikanyaga. Ikapasuka mara moja. "Hii haiko kitu," akasema. "Na weye, toka."

Nilirudi nyumbani jua bado lipo. Mamy alikuwa anafua. Niliingia chumbani bila salamu, nikasogeza gunia la mchele, nikitafuta gazeti. Kitambaa kilikuwa pale, kimefungwa. Ndani yake kulikuwa na kokiye nyeupe, safi. Haikuwa na mkwaruzo. Haikuwa na herufi.

Nikatoka nayo mkononi. Mamy alipoiona akakaa chini kwenye maji ya sabuni.

"Nilitaka ufikiri njo ile yako," akasema. "Ufikiri ilianguka tu nyuma ya gunia."

"Ile yangu iko wapi?"

Akaangalia jikoni, akashusha sauti. Siku ile paa lilipovuja, mama yake ndiye aliyehamisha vitu. Kitambaa kilifunguka. Akaona kitu kama ganda, kigumu, kina kamba za kufunga kiunoni na herufi za kuchora, kimefichwa chumbani kwa mtu asiye na mtoto. Mama wa watu afikiri nini? Alifikiri ni dawa ya kufunga uzazi. Angeniuliza vipi, na mimi ni mkwe wake? Angenitajia vipi kitu cha hapo? Kwanza alikipaka mafuta ya maombi, kwa siri. Alipoona mimi bado ninakifunga na kukificha, Ijumaa ile akakipeleka motoni.

"Nilimwambia mama ile njo kitu ya mchezo. Hakusadiki. Ningekuambia weye, ungejua mama amegusa kitu yako ya ndani. Mngekaa vipi tena mu nyumba hii? Njo nikaita Bruno. Nikalia, nikamwomba yake. Alikatala. Leo amekuja amesema, 'Kamata, bwana yako iko na moja tu, miye niko na mbili.' Akaniomba nisiseme."

Akaniomba nisiseme. Naye alivuka mto akaingia ukumbini na kibuyu.

16 Novemba

Nimekwenda hospitali. Joëlle amenizuia mlangoni. Bruno ameshonwa, na moja hawakuweza kuiokoa, wametoa. "Hataki kukuona," akasema. Hakuniuliza kama kunauma.

18 Novemba

Nimekwenda. Hataki.

20 Novemba

Mvua. Nimekwenda. Hataki. Aimé yuko pale kila siku, anamwosha. Ameniambia nje, bila hasira, "Kobe, miye ile ya mwezi wa saba ilikuwa bahati mbaya. Ya kwako iko nini?"

22 Novemba

Kutoka kwa Aimé nimejua mengine. D. ni ya Destin, mdogo wake Bruno, na B. ni ya jina la baba yao. Walicheza pamoja Bukavu. Destin alibaki huko, amezikwa huko. Kokiye ile ndicho kitu pekee cha mdogo wake alichotoka nacho, akanipa mimi aliposikia habari yangu. Na njia za Kampene alizokuwa anauliza ni za mchumba wake, Espérance, ambaye anajaribu kumfikia kwa kuzunguka porini. Walikuwa waoane Noeli.

Mimi nilikuwa na majibu ya kila kitu. Hata moja halikuwa la kweli. Ninaona haya kuyasoma kurasa hizi.

25 Novemba

Mama mkwe ameambiwa yote na Mamy. Siku nzima hakutoka jikoni. Jioni akasema, mimi nikiwa uani: "Mamy, ambia bwana yako nitalipa mbuzi."

"Mamy, mwambie mama mbuzi si wangu. Mwenye deni ni mimi."

Halafu nikasikia analia, na mimi ukutani upande huu, na sina ruhusa hata ya kumwambia pole.

2 Desemba

Mama Clémentine anampelekea Bruno chakula kila mchana, wali na samaki na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Yeye si mkwe wake, anaweza kumsemesha, anaweza hata kumtania. Ndiye aliyemrudishia kokiye yake nyeupe. Mamy anasema mama alipiga magoti akaomba msamaha kwa ile ya Destin, na Bruno akamwambia, "Mama, hata miye ningeiona bila kujua, ningeichoma."

Mimi bado hataki kuniona.

9 Desemba

Bruno ametoka hospitali. Joëlle anasema atazaa, kama mimi tu. Ameniambia kwa ukali, lakini ameniambia.

13 Desemba

Maître amenifungulia mlango, nisimame nyuma nifagie na kugeuza magunia. Maganda yameota uyoga. Nimeyatoa yote, nimejaza mapya ya mavuno ya mwanzo. Mikono yangu inanuka mpunga.

20 Desemba

Bruno amekuja, na kimono. Alipita mbele yangu kama mtu anapita mbele ya nguzo.

Maître akagonga. Bruno: ko, sauti ya plastiki. Kwangu hapakulia kitu, maana sina. Nikaanza kwenda benchi. Bruno akasema, "Maître, aingie na miye."

"Hana kokiye. Kanuni njo kanuni."

"Hata miye niliingia na kibuyu. Ulisikia, ukanyamaza."

Maître alishusha kijiti, uso wake ukazeeka mara moja. "Muntu hatalazimishwa," akasema. "Gédéon, ukitaka kukaa, kaa. Hakuna atakayecheka."

Nilijua anachoniomba Bruno: nilale chini ya goti lake bila kinga. Nilifikiria Mamy, nilifikiria ile moja, na Joëlle akisema nisimjie na machozi. Nilifikiria pia kwamba ana haki. Nikaingia, nikalala chali juu ya magunia niliyoyajaza mwenyewe, miguu yangu ikamkumbatia kiunoni. Niliogopa sana, sitadanganya.

Aliinua goti. Miezi yote hii nilikuwa sijawahi kuacha kuangalia magoti yake. Leo nilimwangalia usoni. Alikuwa anatoka jasho na macho yamejaa maji, na kwa muda sikujua kama ataliachia, na nadhani yeye mwenyewe hakujua. Halafu nikasikia goti likigusa paja langu, ndani, taratibu, likateleza likapita upande wa pili kama linavyofundishwa. Akanikaba shingo kwa nguvu zaidi ya inavyotakiwa. Nikapiga mkono chini kuomba aniachie, hakuniachia mara moja.

Alipoinuka aliniambia neno moja tu, la kwanza kwangu tangu siku ile: "Tena."

Tukarudia, na tukarudia, mpaka Maître akapiga makofi.

Nilifika nyumbani mvua imeanza. Mama Clémentine alikuwa amesimama mlangoni, Mamy hayupo, amekwenda sokoni. Nikageuka nizunguke nyuma ya nyumba kama siku zote, nimpishe. Lazima alikuwa amesikia, maana mji huu hauwezi kukaa na habari.

"Mukwe," akaniita. Si kupitia kwa mtu. Mimi mwenyewe, usoni. "Mukwe, uko muzima?"

Nilisimama kwenye mvua, sikujua macho niyaweke wapi, nikayaweka kwake.

"Niko muzima, mama."

Hakuumi.